Kwaresima siyo mgomo wa bia!

Ikifika Jumatano ya Majivu, Dar ina mambo yake. Asubuhi kwenye daladala unaona alama nyeusi kwenye mapaji ya nyuso, jioni washikaji wanatangaza wamefunga. Ukimwuliza mtu kafunga nini, anakwambia bia. Basi! Mwingine kaacha kitimoto, lakini Ijumaa utamkuta na sato mzima wa kuchoma, ndimu na pilipili pembeni, eti samaki siyo nyama. Kisheria yuko sawa kabisa. Lakini jamani, hiyo ni saumu au karamu iliyobadilishwa jina?

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, na nasema wazi kwamba wengi wetu tunaifanya Kwaresima mgomo. Tunagoma siku 40, halafu Pasaka tunalipiza na riba. Hata hizo 40, wachache wanajua zinavyohesabiwa. Toka Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili 6, maana Jumapili haifungwi, ndo unapata 40, kama zile za Yesu jangwani. Na saumu yenyewe ya lazima ni siku mbili tu, Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye miaka 18 hadi 59, mlo mmoja wa kushiba. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache kabla ya Majivu ya Machi 5. Wenzetu Waislamu hawagusi hata maji mchana kutwa, sisi wa kuacha bia tukawa tunaona haya kujitaja.

Tatizo siyo udogo wa saumu. Kufunga kuna ndugu zake wawili, sala na sadaka. Ulichojinyima kisipomfikia mtu, umebana matumizi tu.

Mama yangu ana kopo la maziwa ya unga. Kila Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, vituo vyote 14 na magoti yake mabovu, anatumbukiza hela ya nyama ambayo hakununua. Alhamisi Kuu analifungua. Mwaka mmoja alinituma na unga, sukari na mafuta kwa jirani mmoja mjane. Nilishtuka! Mama huyo ndiye aliyetuburuza barazani kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, na matusi yake mtaa mzima uliyasikia.

"Mama, wenye shida wamekwisha mtaa huu?" nikamwuliza.

"Mwanangu, nikimpelekea shoga yangu nitakuwa nimejinyima nini?"

Nikaenda. Yule mama akautazama mfuko, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mama yangu anaumwa sana. Kiwanja hakikurudi, lakini salamu zilirudi. Baba alipofariki, huyo huyo ndiye aliyekesha jikoni kwetu siku zote za msiba.

Mwaka huu nami nina kopo. Bia nimeacha, ndiyo, na hela yake inaingia humo. Kazi ipo kwenye jina. Kuna bwana mmoja aliyepotea na michango ya kamati ya harusi yangu, tukaazima sufuria za wali siku moja kabla. Nasikia hana kazi sasa, na mtoto wake kalazwa. Kopo limefika nusu. Mama kanipigia juzi kuuliza nitampelekea nani, nikamwambia mtandao unasumbua.