Keria Bila Mfereji

Peugeot 504 ya baba, ile ndefu ya familia, ilijulikana mtaani kwetu Moshi kwa keria yake. Fundi wa Majengo aliichomelea kwa mabomba ya chuma, ikaenea kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma. Hakuna msiba wala harusi iliyopita bila mtu kuja kuomba gari, na aliyeomba gari kwa kweli aliomba keria.

Siri ya keria ile ilikuwa mfereji. Magari ya wakati huo yalikuwa na mkunjo mwembamba wa bati juu ya milango, kila upande, wa kuzuia maji ya mvua yasimmwagikie abiria anaposhuka. Miguu ya keria ilikaa humo, vibano vikaukumbatia ukingo kwa chini, boliti zikakazwa. Uzito wote uliangukia pale bati lilipokunjwa na kuchomelewa, ukateremkia kwenye nguzo za gari. Bati la katikati halikuguswa kabisa. Na chini, nyuma, kusaidia kubeba uzito huo, kulikuwa na springi nne, mbili kila upande.

Tukiteremka Dar, baba alipanga mwenyewe. Magunia chini na katikati, mikungu ya ndizi juu yake, turubai, kisha kamba ya mkonge. Mkonge ukilowa hujikaza, ukikauka hulegea, ndiyo maana mvua ikitunyeshea Same hakukosa kusimama Mombo. Aliisukuma kamba kwa kiganja. Ikibonyea, aliifungua yote akaanza upya, hata kama sisi watoto tulishalia njaa. Nilimwona mkali kupita kiasi. Leo naona alikuwa fundi.

Miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakamiminika, mengi bila mfereji. Watengenezaji walitaka upepo upite vizuri na kelele zipungue, wakaliunganisha paa na ubavu ndani ya kijifereji kilichozibwa kwa ukanda wa mpira. Paa likawa zuri, lakini keria ikakosa pa kushika. Mafundi wetu waliendelea kuchomelea mabomba yaleyale, wakaweka vipande vya tairi chini ya miguu na kuikalisha juu ya bati tupu. Nimeona mapaa mengi yaliyobonyea hivyo, kutu ikianzia chini ya kile kipande cha tairi, mahali mwenye gari haoni. Inaniuma, kwa sababu mafundi hao wana mikono mizuri. Gari ndilo lililobadilika.

Kwa hiyo ukitaka keria, anza na paa lako kabla ya kwenda kwa mafundi wa Gerezani, Dar, kuulizia bei. Land Cruiser za 70 na Hiace nyingi bado zina mfereji, hizo hazina shida. Gari lenye reli, hakikisha zimefungwa kwa boliti kwenye mwili wa gari. Zile za kubandika kwa gundi ni urembo, zisibebe hata mkoba. Kisha soma kitabu cha gari. Magari mengi madogo hukubali juu kilo 50 hadi 100, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Ya mabomba ikiwa na kilo 30, umebakiwa na nini? Gunia moja la mahindi la kilo 100 linamaliza kila kitu. Mzigo ukiwa juu, gari hulala zaidi kwenye kona na breki hutaka nafasi ndefu.

Mimi natumia vyuma viwili vya alumini vinavyobana reli, na mikanda ya kukaza badala ya kamba. Mkanda naupindua mara moja kabla ya kuukaza, la sivyo upepo huuvumisha njia nzima. Ngazi na mabegi hupanda. Godoro silipandishi hata liwe jepesi vipi, upepo huingia chini yake na kulinyanyua. Kwa hilo nakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo. Na ndizi za mama siku hizi zinakuja kwa basi.