Maandishi ya Karibu, Maandishi ya Mbali

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi wa sosholojia pale Mlimani, nilianza utafiti wangu kwa kuvuta droo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa na makabati ya kadi, na kila kitabu kilikuwa na kadi zake kadhaa: moja kwa jina la mwandishi, nyingine kwa jina la kitabu, nyingine kwa mada. Kadi zilitobolewa chini na kupitishiwa ufito wa chuma ili mtu asizichomoe. Pembeni juu palipigwa chapa namba ya rafu, na baadhi ya kadi za mada hazikuwa na kitabu chochote, zilikuelekeza tu utazame pia kwingine. Hizo ndizo nilizozipenda kuliko zote. Nilitafuta ndoa, nikaelekezwa kwenye mahari. Mahari ikanipeleka kwenye sheria za kimila, na huko nikamkuta Hans Cory.

Cory alikuwa mtu wa asili ya Austria aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika kama mwanasosholojia wake. Aliandika sheria na desturi za Wahaya, kisha za Wasukuma, na hati zake zimo katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba hiyo. Vitabu na hati za huko huziazimi ukaenda nazo bwenini. Unajaza fomu, unaletewa, unakaa mezani na kunakili kwa mkono. Ukinakili kwa mkono unasoma polepole, na ukisoma polepole unaanza kuuliza: wazee gani walioulizwa? Wanawake walikuwa wapi? Nani alifaidika desturi ilipoandikwa na kuwa sheria? Maswali ya mbinu za utafiti niliyafundishwa darasani, lakini yaliniingia pale mezani.

Karibu na hapo zilikuwapo karatasi za BRALUP, ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi iliyoanzishwa chuoni mwaka 1967, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Zilikuwa ripoti nyembamba zilizopigwa taipu na kurudufiwa kwa stensili, wino umefifia, pini zimeshika kutu. Ndani yake mlikuwa na vijiji: watu walitembea umbali gani kuchota maji, mashamba yalibaki wapi baada ya kaya kuhamishwa, nani alilima na nani alikodisha. Mtu yeyote anayetaka kuandika juu ya vijiji vya ujamaa bila kuzipitia atarudia kazi iliyokwisha kufanywa, tena na watu waliokwenda wenyewe kwa miguu.

Nani angenionyesha hayo kama si mkutubi? Palikuwa na mzee mmoja pale. Ukimwambia, “Shikamoo mzee, natafuta habari za wahamiaji wa mjini,” aliitikia marahaba, akakuuliza, “Wa mji gani, mwanangu? Wa miaka ipi?” Halafu akakutajia utafiti wa J.A.K. Leslie kuhusu Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1963, na baada yake tasnifu za wanafunzi waliofuata nyuma yake mtaa kwa mtaa. Alijua kitabu, na alijua pia kitabu hicho kilijibiwa na nani. Mpaka leo sijaona mashine inayouliza “wa miaka ipi” kwa subira ile.

Shida yetu ilikuwa majarida ya nje. Fedha za kigeni zilipoadimika, usajili ulikatika, na rafu nyingi zilibaki na pengo la miaka. Tulisoma nadharia za Ulaya na Marekani zikiwa zimeshachakaa huko kwao, tukapitishiana fotokopi ambazo kila nakala ilikuwa hafifu kuliko iliyotangulia.

Kisha mambo yakaja kwa mfululizo. Mwaka 1998 ilianzishwa AJOL, kanzidata ya majarida ya Afrika. Mwaka 2004 ikaja Google Scholar. JSTOR nayo ikafungua milango kwa vyuo vya Afrika bila malipo. Lakini intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya taratibu. Ulibonyeza makala, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta imekatikia njiani. Mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 ndipo kupakua makala kukawa jambo la kawaida. Nakumbuka furaha ya kusoma makala iliyotoka mwezi ule ule. Nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba niko ndani ya mazungumzo, si nje ya dirisha.

Takwimu nazo zikafunguka. Uchambuzi wa sensa ya 1967 tuliusoma katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Leo ripoti za sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, mwanafunzi anazipakua kwa simu akiwa kwenye daladala. Data za tafiti za maoni ya wananchi za Afrobarometer ni za bure, na anayejua kuzichambua hahitaji kumwomba mtu.

Kilichobadilika zaidi ni mahali pa kuanzia. Sisi tulianza na maandishi ya karibu kwa sababu ya mbali hayakufikika. Wanafunzi ninaowafundisha sasa wanaanza na ya mbali kwa sababu ndiyo yanayotokea juu kwenye skrini. Anayeandika juu ya vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, huko Mbagala ananiletea orodha ya marejeo iliyojaa Bangladesh na Peru, wala hana tasnifu hata moja ya Mlimani. Hata Utafiti, jarida lililoanzishwa hapo hapo chuoni mwaka 1976, matoleo yake ya zamani yaliskaniwa na Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani. Nawashukuru sana kwa kazi hiyo. Naumia tu kwamba hatukuifanya sisi.

Tasnifu nyingi za zamani zimeorodheshwa mtandaoni, lakini ukizifungua unakuta muhtasari tu na alama ya rafu inayoanza na THS EAF. Nakala yenyewe iko Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyeko Songea, anayechunguza kijiji kilichochunguzwa mwaka 1975, lazima apande basi kwenda kusoma habari za majirani zake, na wanakijiji waliojibu maswali yale hawajawahi kuiona tasnifu yenyewe.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kupokea pendekezo lolote la utafiti, nataka kwanza nione tasnifu za mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa Mlimani alizozisoma mwanafunzi. Asiyeweza kusafiri namtafutia mwenzake aliye Mlimani amsomee na kumwandikia. Na kila anayemaliza utafiti namwomba atengeneze nakala moja ya ziada, aipeleke ofisi ya kijiji alikouliza maswali yake.