Siku ya Mvua

Mwingereza amwonyapo mwanawe aweke akiba, humwambia aikumbuke siku ya mvua. Maana kwao mvua hunyesha bila kungojewa, nayo humfungia mtu ndani na kumtia baridi. Msemo huo hufika hata Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, ambako, kama kwingineko Tanzania, mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza cha karibu masomo yote aingiapo sekondari. Mwanafunzi huukariri. Walakini nyumbani kwao mvua ndiyo iombwayo. Pamba hupandwa Novemba na Desemba. Mvua ikikatika, hapana cha kupeleka mizanini msimu wa ununuzi ufunguliwapo, aghalabu mwezi wa Mei, na neno lisikikalo jikoni ni la Kisukuma: nzala, yaani njaa.

Basi akiambiwa aandike insha ya Kiingereza juu ya wakati mgumu, aandike nini? Akitumia msemo wa darasani, amesema kinyume cha maisha ya baba yake. Akiandika tu kwamba mwaka ule mvua haikunyesha, huenda msahihishaji akaiona sentensi hiyo kavu, akampunguzia alama. Na alama hizo ndizo zitakazoamua kama ataendelea na masomo.

Kiswahili nacho kilimjia kutoka pwani. Humfundisha kwamba aliye hatarini amekalia kuti kavu, na mambo yaliyoharibika yamekwenda mrama, naye labda hajapata kuuona mnazi ukikwewa wala jahazi likiyumba. Lakini misemo hiyo huisikia sokoni, si ubaoni tu, kwa hiyo humkaa. Kukwama, neno la asiye na fedha, humfaa zaidi: udongo mweusi wa mbugani ukilowa hushika gurudumu la mkokoteni hata ng'ombe wakashindwa. (Hapo mvua nayo ina lawama yake.)

Kigumu kuliko vyote ni kueleza soni ya mwenyeji afikiwaye na mgeni chungu kikiwa kitupu. Mwingereza ana neno moja la hali hiyo isiyo raha, ambalo hulitumia pia kwa mzigo usiobebeka vyema. Mwanafunzi asiyelijua hushika neno la aibu, na kwa Kiingereza mama yake huonekana ametenda kosa. Aliye hodari huliacha kamusi, akaandika kwa maneno mepesi kwamba mgeni alifika, unga ulikuwa umekwisha, na mama akampa maji ya kunywa na kiti kivulini.