Kichezeo cha Mbio za Magari

Mwaka 1998, tulipokuwa tukisomesha darasa la sita katika skuli moja ya shamba wilayani Wete, tulimnyang'anya mwanafunzi kichezeo cha mkononi. Kilikuwa cha aina ile ya betri, chenye kioo cha miraba midogo, 10 kwa upana na 20 kwa urefu, na ndani yake mlikuwa na mbio za magari.

Usiku tulikicheza wenyewe, wala hatuoni haya kukiri, tukashindwa upesi. Asubuhi tulimwuliza mtoto siri yake. Akajibu kwa woga, "Maalim, gari haliendi. Barabara ndiyo inayokuja. Mimi hulikwepesha tu."

Wiki nzima tulikuwa tumehangaika kueleza mwendo ubaoni, na huyu tuliyemhesabu mzito alikwisha kuufahamu! Maana ndivyo ulivyo mchezo huo: gari la mchezaji hukaa chini ya kioo, likihama kushoto na kulia tu, magari mengine huteremka, na kila daraja huzidi kasi.

Basi tuliliuliza darasa, abiria wa meli iondokayo Mkoani kwenda Unguja huona nini? Wakapiga kelele kwamba minazi ya pwani hurudi nyuma. Somo lililotushinda wiki nzima likaisha kabla ya kengele.

Kichezeo tulimrudishia mbele ya wenzake. Muhula mzima hakukileta tena skuli, nasi hatukupata ujasiri wa kumwomba.