Drafti ya Ndugu Watatu



Sisi ni ndugu watatu wa Ufukoni, Mtwara. Ndoa imetugawa: mmoja yupo nyumbani, wa pili Kilwa, na mdogo wetu amemfuata mume Muscat. Mwanzoni simu hazikatiki, mwenzangu. Baadaye zinabaki salamu za Ijumaa na mkono wa Idi. Si kwamba mmegombana, ila kila mmoja ana nyumba yake na hadithi zinakwisha. Hapo ndipo drafti ilipotufaa.

Huku pwani bao na drafti utazikuta barazani kwa wanaume. Sisi tulicheza ndani, kwa visoda vya chupa. Tulipotaka kuendelea kwa tableti, tulianza kwa kutafuta bao. Programu zake zipo kwenye Android, lakini programu ya Android haiingii kwenye iPad, na mdogo wetu anatumia iPad. Basi tukachagua jukwaa linalofunguka kwenye kivinjari, yaani palepale unaposomea habari: Chrome kwetu, Safari kwake. Letu ni Board Game Arena, lililoanzia Ufaransa mwaka 2010. Kujiunga ni bure, ingawa baadhi ya michezo humtaka anayefungua meza awe amelipia. Kabla ya kuanza, someni sheria za kingi, maana aina za drafti ni nyingi na kila moja ina kingi wake.

Siri yetu ni kucheza kwa zamu bila saa. Mezani unaweza kuchagua muda wa kila zamu, hata siku nzima au zaidi. Mmoja anasogeza kete baada ya Alfajiri, mwenzake anajibu akishaivisha mchana. Umeme ukikatika au bando likiisha, mchezo unabaki ulipo. Michezo ya kuhesabiwa dakika hatuitaki: adhana inaita, mume anaita, mtoto analia, nawe macho yapo kwenye kioo. Mchezo unaokungoja ndio unaomfaa mwanamke mwenye nyumba.

Tuna masharti yetu. La kwanza, hakuna pesa wala cha kushindania, maana kamari imekatazwa wazi katika Suratul Maida, aya ya 90. La pili, tunaepuka michezo ya dadu, kwa kuwa wanavyuoni wengi wameikataza hata bila pesa. Sataranji, ambayo haina dadu, katika madhehebu ya Shafi ni makruhu, nayo huwa haramu ikiingia kamari au ikipitisha sala. Drafti nayo haina dadu, lakini bado muulize mwalimu wako. La tatu, meza ni ya ndugu tu. Unaweza kuifunga ili wasiingie kucheza ila uliowaalika.

Bi harusi, fungate ni ya mumeo. Tableti ikae kabatini. Baadaye mwonyeshe meza yako, ajue unacheza na nani. Shemeji yetu wa Muscat siku hizi humuuliza mkewe, "Dada zako wamekula kete ngapi?" Naye hucheka.

Na sisi tunapata tulichokikosa kwenye salamu za Ijumaa. Mdogo wetu hucheza haraka akiwa na furaha, na akiwa na jambo moyoni hukaa siku mbili bila kusogeza. Juzi alikaa siku tatu. Tulimpigia simu, hatukumuuliza habari ya drafti. Alilia kidogo, kisha akasema alichokuwa nacho. Kete yake aliisogeza siku ya pili.

Mwenyezi Mungu azidishe mapenzi baina ya ndugu, karibu na mbali. Amin.