Milima Hii ni ya Wapi?

Nilikulia Voi, nikisimuliwa habari za simba waliokula wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898. Basi nilipopata DVD ya *The Ghost and the Darkness* (1996), niliita nyumba nzima tutazame. Nyanya akakodoa macho, akauliza: "Mjukuu wangu, milima hii ni ya wapi?"

Ya Afrika Kusini. Sheria za kodi za Kenya ziliwafukuza Wamarekani. Studio hazifuati hadithi ilikozaliwa, zinafuata mahali pesa yao itakapobaki mfukoni. Zikihama, ujira wa wapishi, madereva na mafundi nao unahama.

Simba wenyewe wako makumbusho ya Chicago, filamu yao ilipigwa kwa jirani. Kwetu imebaki sauti ya nyanya.