Maua Niliyoyachapa Juu ya Wanga

Mama aliyeniagiza vitambaa sita vya meza alirudi baada ya wiki mbili. Hakuketi. Aliviweka juu ya benchi akasema, "Mwanangu, vitambaa vyako hivi hapa. Maua nimeyamwaga na maji ya kufulia."

Laiti angegomba, ningepata la kujibu. Nilikunjua kimoja. Korosho nyekundu nilizozichapa kwa kibao cha mninga zilikuwa zimebaki madoa ya rangi ya chai.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu barazani kwa shangazi, Magomeni. Yeye alikuwa mtu wa batiki: kuyeyusha nta, kupima kostiki, kuchovya, kisha kuchemsha mpaka nta yote itoke. Mimi nilijiona mjanja na rangi yangu ya kopo na sifongo iliyokatwa kwenye godoro bovu. Shangazi alikisugua kile kitambaa kati ya vidole. "Umechapa juu ya wanga," akasema, akarudi jikoni.

Marikani mpya hutoka dukani ikiwa imekakamaa kwa wanga. Ukichapa bila kuifua, rangi inaushika wanga badala ya uzi, na siku wanga unapotoka, vinaondoka pamoja. Nilikuwa nimeambiwa. Ila mwezi ule bomba lilikuwa kavu, maji tunanunua kwa dumu, nikaona nibane. Nilibana madumu mawili, nikalipa vitambaa sita.

Tangu hapo kitambaa kikija nakifua kwanza kwa maji ya moto, sabuni na magadi. Kikikauka nadondoshea tone la maji. Tone likisimama kama jicho la samaki, kinarudi beseni. Likinywewa papo hapo, nachapa. Uzi mmoja nauchoma kwa kiberiti: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka ikawa punje ngumu. Wauzaji wataapa vyote ni pamba. Kiberiti hakiapi.

Kazi iliyonitesa zaidi ni pasi. Rangi ile ya maji ina gundi ndani yake, na gundi haishiki sawasawa mpaka ipate moto. Unaacha chapa ikauke siku nzima, unageuza kitambaa, unapiga pasi upande wa nyuma bila kunyunyizia maji, dakika tatu hadi tano kila sehemu. Mkono unakufa ganzi. Na yetu ilikuwa ya mkaa: ukiitikisa kidogo tu, jivu linadondoka palipo peupe. Miaka mingi baadaye nilipata mashine ya kubana fulana, unaiweka nyuzi 160 na kusubiri. Niliitumia kwa fulana nyingi za kampeni, ambazo nadhani hakuna aliyetaka zidumu.

Vile vitambaa sita nilivichapa upya kwa hasara yangu. Yule mama alipokuja kuvichukua aliomba beseni na kipande cha sabuni ya mche. Akachagua kimoja, akakifikicha pale pale barazani, kwa hasira kidogo, korosho kwa korosho, mimi nimesimama na shangazi anachungulia mlangoni. Akakikamua. Akainama akatazama beseni: povu tupu.

"Haya," akasema, "hivyo vitano nifungie."